Machi ya Mzee Peyo Haipigwi Polepole

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwanangu, tulipokwenda kumzika mtu aliyekuwa amesimama barazani kwake akitungoja. Usicheke kwanza. Utacheka baadaye, na mimi nitacheka nawe, lakini sasa weka hiyo tarumbeta chini unisikilize.

Juzi baada ya mazoezi nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba ile machi, wimbo wa bendi ya kutembea tunaoupiga tukitoka kanisani, ni ya wazungu, imepitwa na wakati, na kwamba ingefaa muipunguze mwendo muitie midundo yenu ya kwenye simu. Nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema, wewe unanijua, mdomo wangu haujui likizo. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu. Miaka yote hii tumeipiga, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewaambia ni machi ya nani.

Ilikuwa mwaka 2015 hivi, hapa hapa Buffalo, kule West Side kwenye nyumba za mbao za zamani. Kwa umri nilikuwa mama wa watoto, lakini kwa nchi hii ya Amerika nilikuwa kijana mbichi kabisa, sijui kupanda basi bila kushuka kituo kisicho changu. Kazi niliyopata ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwakumbusha dawa. Wa kwanza niliyepewa alikuwa Mzee Peyo, aliyefiwa na mke, miaka yake imeshapita themanini, goti moja bovu na masikio yote mawili mazima. Alizungumza Kiingereza kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana kwa Kifaransa, kile changu cha shule ya msingi ya Fizi, Kongo, kabla vita havijatusukuma hadi kambini Kigoma.

Siku ya kwanza alijipiga kifua akasema, "Mimi, Madame, ni Baski." Nami nikasikia basi. Nikajua huyu mzee alikuwa dereva. Kwa majuma kadhaa nilikuwa namuuliza alikuwa akiendesha njia gani, na yeye ananijibu habari za kondoo. Nilimuuliza kama abiria walikuwa wengi, akasema walikuwa wengi sana na wote walikuwa na manyoya. Nikasema moyoni, maskini, akili imeanza kumtoka. Kumbe Baski ni kabila, mwanangu. Ni watu wa milimani, kati ya Ufaransa na Hispania, wana lugha yao isiyofanana na ya jirani yeyote. Wengi wao walikuja Amerika ujanani, huko magharibi, kuchunga kondoo wa watu. Mtu anakaa mlimani peke yake msimu mzima, hana wa kuongea naye ila mbwa.

Yule mzee aliniambia kwamba ilipofika sikukuu, wachungaji wale walishuka wakakutana mjini, wakavaa nguo nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na kofia bapa nyekundu kichwani, wakapiga bendi yao ya kutembea wakipita barabara kuu. Bendi hiyo waliiita klika. Ni tarumbeta zile zisizo na vitufe, ngoma za kubeba na matoazi. Hawakupiga ili walipwe wala ili wacheze. Walipiga watu wa mji wajue kwamba wapo. Yeye alipohamia Buffalo kumfuata mkewe, alikusanya familia chache za kwao wakaunda klika ndogo, wakaipiga miaka mingi, kisha mmoja akafa, mwingine akahama, mpaka vyombo vyote vikabaki kwake, chumba cha chini ya nyumba, vimefunikwa shuka.

Nilivikuta nikitafuta ndoo. Nikafunua ile shuka, nikaona ngoma kubwa, na mwanangu, mimi nilikuwa sijagusa ngoma kubwa tangu kambini. Hukujua? Fanfari ya kanisa letu kule kambini, yaani bendi ya tarumbeta na ngoma, mpiga ngoma kubwa nilikuwa mimi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, na mtoto mgongoni. Niliipiga mara moja tu, kwa ngumi. Juu huko nikasikia mkongojo wa mzee unagonga sakafu, unajibu.

Tangu siku hiyo kazi yangu iliongezeka na sikulalamika. Baada ya uji wa asubuhi alinifundisha machi moja, hii hii unayotaka kuitia midundo. Aliipiga mezani kwa vijiko viwili, nami nikairudia kwa mpini wa mwiko. Nikikosea alifumba macho. Nikipatia hakusema neno, aliendelea tu. Niliuliza kama ina maneno, akasema yapo lakini hayahusu. Mpaka leo sijui yanasema nini.

Sasa sikiliza mambo yalipoanzia kuchafuka.

Alikuwa na binti, Maite, mwanamke mpole, mwenye kazi nyingi na macho yaliyochoka. Siku moja alikuja wakazungumza kwa lugha yao muda mrefu, yeye analia, mzee ananyamaza. Alipokwenda zake, mzee aliniita akasema kwa Kifaransa, taratibu, ili nisipotezwe na neno lolote: "Madame, ninaondoka. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano. Siku hiyo nataka klika."

Ninaondoka. Hebu niambie wewe, mzee wa miaka themanini na kitu, binti ametoka akilia, anakwambia anaondoka na siku anaijua. Ungeelewa nini? Babu yangu mzaa mama, kule kwetu, aliwaita watoto wake akawaambia ataondoka siku ya soko, na siku ya soko hakuamka. Sisi tunajua kwamba wazee wengine hupewa siku yao. Na tunajua pia kwamba mzee akikwambia jambo kama hilo hulichimbui. Huulizi, "Unaondoka kwenda wapi?" Huo ni utovu wa adabu. Unainamisha kichwa, unasema "Nimesikia, mzee," halafu unakwenda kulia jikoni. Ndivyo nilivyofanya, juu ya karai la vitunguu, ili akiuliza niwe na sababu.

Jioni nikampigia Papa Mlondani, ambaye siku hizo alikuwa Louisville akifanya kazi ya ghala kule Jeffersontown. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa fanfari yetu kambini.

"Mama Asende, attends, ngoja," alisema. "Donc huyu muzee anajua siku yake?"

"Anaijua."

"Na daktari njo alimuambia?"

"Sijui nani kamwambia. Mimi kaniambia mwenyewe."

Kisha akasema, "Bon. Kama mutu anaomba fanfare ya kumusindikiza, hatuwezi kukataa. Hata kama ni muzungu."

Nikamtumia ile machi kwa simu. Akampa Nduwimana, Mrundi wetu wa ngoma ndogo aliyekuwa Westerville huko Columbus, naye akawatafuta wengine. Watu wa fanfari moja, waliotawanywa miji mitatu na ndege zilizotutoa kambini, wakaanza kujifunza wimbo wa kabila lisilo lao, kila mtu jikoni kwake. Lakini kwa kuwa ni ya msiba, Papa Mlondani akasema ipunguzwe mwendo. Kambini tulikuwa tukitangulia jeneza kwa hatua nzito, mguu mmoja, kimya, mguu wa pili. Basi ile machi tukaiburuta mpaka ikawa inalia. Nakwambia ukweli, ilikuwa nzuri. Nilipoisikia mara ya kwanza nililia tena, safari hii bila vitunguu.

Ajabu ni kwamba mzee mwenyewe hakuwa na dalili yoyote. Alikula vizuri, tena aliongeza. Alimtuma Maite amnunulie viatu vipya, akavivaa ndani ya nyumba kuvilainisha, nami nikajiuliza, viatu vya nini sasa? Kisha akaanza kugawa vitu. Mimi alinipa sufuria nzito ya chuma. Hilo nililielewa. Lakini siku iliyofuata nikamkuta anapanga nguo kwenye sanduku la safari, soksi pembeni, miwani, hata kikata kucha. Nikasimama mlangoni nimechanganyikiwa kabisa. Huko anakokwenda watu hukata kucha? Nikajipa jibu: labda dini yao. Wakatoliki wana mambo mengi.

Binti yangu Furaha, aliyekuwa shule ya sekondari, alinisikia nikimsimulia jirani, akasema bila kuinua macho kwenye simu yake, "Mom, just ask him." Muulize tu! Nikamgombeza. Nikamwambia watoto wa huku hawana adabu, wanafikiri kila kitu kinaulizwa. Niliendelea kumgombeza mpaka chakula kikapoa.

Ijumaa wakafika. Papa Mlondani alitoka Louisville na gari lake, akapitia Columbus kuwachukua Nduwimana na wenzake, wakalala kwangu kwenye magodoro sebuleni. Akina mama wa kanisa wakaja na masufuria: sombe ile ya majani ya muhogo, maharage, wali wa kutosha matanga mazima. Asubuhi wanaume wakavaa suti nyeusi, sisi wanawake tukajifunga vitambaa vyeusi kichwani. Vyombo vyake mzee tulikuwa tumeshavichukua mapema, kwa ruhusa yake, tukavisugua vikang'aa. Tukajipanga kwenye kona ya mtaa wake, wawili wawili, mimi katikati na ngoma kubwa, tukaanza. Mguu mmoja. Kimya. Mguu wa pili.

Majirani walitoka. Mwanamume mmoja alivua kofia yake. Tukaja polepole mpaka mbele ya nyumba, na hapo nikainua macho.

Mzee Peyo alikuwa barazani, amesimama. Shati jeupe, suruali nyeupe, mshipi mwekundu, kofia bapa nyekundu, viatu vipya. Mkononi ameshika fimbo ya kiongozi wa klika. Nyuma yake kuna lile sanduku, na gari la Maite liko wazi mlango. Alituangalia mmoja mmoja, akasikiliza machi yake inavyoburutwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua. Tarumbeta zikaanza kukatika. Mimi nikabaki napiga peke yangu, kisha nami nikaacha.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ngoma. Mwisho Papa Mlondani akavua kofia yake, akasema kwa sauti ndogo, "Papa... bon... tulisikia ni weye."

Mzee alikaa kwenye ngazi. Nilidhani atacheka. Aliyefungua kinywa ni Maite, na hakuwa anacheka. Aliniambia kwa Kiingereza, na nilielewa kila neno, kwamba yeye hamziki baba yake. Kwamba goti la baba limekwisha na ngazi za nyumba hii zitamuua, kwamba amemtafutia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee, mitaa michache kutoka hapa, ili amwone kila jioni, na kwamba hajalala vizuri tangu aamue. Halafu sisi tunakuja na nguo nyeusi mbele ya majirani, kumwonyesha kuwa yeye ni muuaji.

Mwanangu, nimekimbia vita mara mbili, lakini sijui kama nimewahi kutaka kukimbia kama pale. Nilikuwa nimempenda yule mzee na nimemheshimu kwa heshima zote nilizofunzwa, na heshima hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inamchoma binti yake mbele ya watu. Nilitaka kumweleza habari za babu yangu na siku ya soko. Kwa Kiingereza gani?

Mzee ndiye aliyesimama. Alimshika binti yake bega, akamwambia neno kwa lugha yao, kisha akanigeukia mimi.

"Madame, kwa nini hukuniuliza naenda wapi?"

"Nilikuheshimu, mzee."

"Mimi niliondoka kwetu nikiwa kijana," akasema. "Hakuna mtu aliyeniuliza naenda wapi. Wote walikuwa na heshima sana."

Nikainamisha kichwa juu ya ngoma.

Kisha akasema, sasa kwa sauti ya kiongozi, tuvue yale makoti. Wanaume wakavua, na ndani walikuwa na mashati meupe, si unajua watu wetu na suti. Mama mmoja alikuwa amefunika masufuria kwa kitenge chekundu. Mzee akakiomba, kikachanwa vipande, kila mtu akajifunga kiunoni. Nduwimana alisema, "Jamani, sasa tunaonekana kama watu wa harusi," na mtu mmoja akacheka, ila alijizuia haraka. Mzee akagonga fimbo chini mara kadhaa kutupa mwendo, na ule mwendo ulikuwa wa haraka. Ile machi tuliyojifunza kwa majuma ikatukimbia kama hatujawahi kuisikia.

"Klika hutembea," alisema. "Haiburutwi. Twende."

Akashuka ngazi yeye mwenyewe. Tulidhani atatuongoza hadi kwenye gari, hatua chache, tupige, apande, tulie, tukale. Alilipita gari. Maite akamwita. Hakugeuka. Fimbo iko juu, goti bovu linakwenda upande, kofia nyekundu mbele yetu, na sisi nyuma tunahema, Papa Mlondani amekuwa mwekundu jinsi mtu mweusi anavyoweza kuwa mwekundu. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba katika asubuhi zote zile za vijiko hakunifundisha jinsi machi inavyokwisha. Bendi yao husimama kiongozi akishusha fimbo. Yeye hakuishusha.

Tukapita kanisa, tukapita duka la Wasomali, tukavuka barabara na basi la mji likatusubiri. Gari la Maite lilitufuata polepole, mlango wa nyuma bado wazi. Nikaona mzee anaanza kuyumba. Kila hatua ya mguu mbovu bega lilishuka zaidi. Wewe ni mpiga tarumbeta, huwezi kulijua hili: kwenye bendi ya kutembea, ngoma kubwa ndiyo inayobeba miguu. Nikiacha, anasimama, Maite anampakia, na jambo limekwisha salama. Nikiendelea, huenda akaanguka mbele yetu, na safari hii lile kosa halitakuwa la kuchekesha mtu. Nilimtazama Maite kupitia kioo cha gari lake. Alikuwa analia, na hakunipa ishara yoyote. Adabu yangu yote niliyokuja nayo kutoka kwetu iliniambia, huyu ni mzee, nyamaza, mwamulie kimoyomoyo.

Nikatoka kwenye mstari. Nikamkaribia ubavuni, ngoma tumboni, napiga huku nauliza.

"Mzee, nisimame?"

Hakunitazama. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Piga," alisema.

Nikapiga. Mwanangu, nilipiga ngoma ile kama sijawahi kupiga kitu, na kila pigo nililiweka pale unyayo wake ulipokuwa unashuka. Sijui ulikuwa umbali gani. Najua tu kwamba ilitokea nyumba ya matofali, wazee kwenye viti vya magurudumu wamesogezwa dirishani, muuguzi kashika mdomo. Mzee Peyo alifika mlangoni, akageuka kutukabili sote, akashusha fimbo.

Maite alishuka garini, akaja na sanduku, akasimama kando yake. Hakumshika. Mzee alivuta pumzi mpaka zikamtosha, akavua kofia, akampungia kila mmoja wetu, akaingia ndani kwa miguu yake. Sisi tulibaki nje na mashati meupe na vitenge, hatujui tuimbe au tuombe. Hata sasa ukiniuliza siku ile ilikuwa msiba au sherehe, nitakwambia sijui, nami nilikuwepo.

Maite alitoka baadaye akatuambia kwamba baba yake anauliza kile chakula cha matanga kiko wapi, maana ana njaa. Tukakipeleka. Wazee wa nyumba ile walikula sombe siku hiyo. Na ngoma yake mzee akaagiza ibaki kwetu, kwa sharti moja ambalo wewe unalijua sasa: machi yake isiburutwe.

Basi mwanangu, neno langu ni hili. Utaishi katikati ya watu wengi usiowajua, na watakupa vitu vyao: vyakula, sikukuu, nyimbo. Usiuchukue wimbo wa mtu ukaupeleka unakotaka wewe kabla hujauliza ulikuwa unakwenda wapi. Uliza unapigwa lini, unavaliwa nini, unaishaje. Mimi nilifunzwa kwamba kunyamaza mbele ya mzee ndiyo heshima, na kunyamaza kwangu nusura kumzike mtu aliye hai na kumuumiza binti aliyempenda. Heshima ina kinywa. Ukishajua, burudika nao, hata uongeze chako, lakini uwe unajua unaongeza juu ya nini. Na ukiwa na hamu ya midundo yako, tunga machi yako mwenyewe, nami nitakupigia ngoma kubwa bure.

Mungu wa baba zako akulinde katika miji yote utakayoishi. Akupe rafiki anayeuliza, akupe masikio ya kusubiri jibu, na siku utakapochoka katikati ya barabara, asikosekane mtu wa kuupigia ngoma mguu wako mbovu. Amina. Haya, inua tarumbeta. Upesi, si polepole.